Mstari wa Hasi

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuo cha ufundi, anasomea umeme. Juzi kaniuliza: "Mjomba, huu mstari ubavuni mwa kapasita ni wa nini?" Nikamjibu ni upande wa hasi, nikanyanyuka kwenda uani kabla sijasema mengine.

Kwa fundi redio wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, swali hilo lingekupatia kofi la kisogoni. Nilianza kushinda kwake 1979. Dada yangu anashikilia ni 1980, maana vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha. Haya, na iwe 1980. Duka lilikuwa kibaraza cha nyumba ya watu: meza moja, pasi ya risasi, na redio za National na Philips zimepandana ukutani, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe.

Wengi waliponzwa na jambo lilelile. Betri za tochi zilikuwa adimu, basi mtu anaiunga redio kwenye betri ya gari, anakosea nyaya. Fundi hakuuliza kitu. Alifungua mfuniko, akanusa. Harufu kali, chachu, kama samaki aliyelala.

"Umegeuza nyaya, bwana mkubwa."

Bwana mkubwa anaapa hakugeuza. Ndani kimkebe cha kapasita kimefumuka, vipande vya karatasi iliyolowa vimetapakaa hadi kwenye spika.

Fundi alinieleza siku moja huku akichomelea, bila kuinua uso. Juu ya karatasi ya alumini upande wa chanya kuna utando mwembamba wa oksidi, ndio unaozuia umeme usipite. Ukigeuza chanya na hasi, utando unaharibika, umeme unapenya, dawa ya ndani inapata moto na kutoa gesi, na mkebe umezibwa. Nyingine huvimba tu. Nyingine hungoja kidogo, mpaka umeinama vizuri kuzitazama.

Halafu zikaja deki, televisheni, kompyuta. Kapasita zikachongwa msalaba kichwani ili zipasukie hapo, zisiruke. Zikaja na za tantali, ambazo alama yake iko upande wa chanya. Mafundi waliozoea mstari wa hasi walizifunga kinyume, zikawaka moto mezani.

Kibaraza kimebomolewa, pamepandishwa ghorofa la maduka. Wanauza spika za Bluetooth. Ikifa, muuzaji anakwambia hizo hazitengenezwi, chukua nyingine. Nimeifungua moja iliyotupwa: kapasita imevimba kichwa, na bei yake haifiki nauli ya daladala.