Ua la Kengele Katika Nyumba ya Serikali

Sisi watumishi wa umma, kama walivyo askari jeshi na polisi, twaishi katika nyumba zisizo zetu. Leo tupo Kabale, kesho barua ya uhamisho yatutaka kwingine. Ndiyo maana jirani yangu mmoja, aliponiona nikichimba mbele ya mlango, aliniuliza, "Mwalimu, wampandia nani maua hayo?" Lilikuwa swali la haki, nami nimelitafakari sana.

Ua lenyewe huitwa kampanula, jina la Kilatini lenye maana ya kengele ndogo. Aina niliyopanda haizidi sentimeta 30 kwa kimo, na matawi yake hutandaa juu ya udongo. Asili yake ni milima ya Karpati huko Ulaya, ambako humea katika nyufa za miamba. Hata hivyo, kwetu si mgeni kabisa: lobelia kubwa za Milima ya Ruwenzori, zipitazo kimo cha mtu, ni za ukoo huohuo. Kwa kuwa hupenda baridi, hufaa nyanda za juu. Walioko mabondeni kwenye joto wasijitaabishe nalo.

Mbegu zake ni ndogo mno. Ziatikwe katika kopo lenye matundu chini, juu ya udongo laini uliochanganywa na mchanga, wala zisifukiwe, kwani zahitaji mwanga ili ziote. Maji yanyunyizwe kidogo kidogo yasije yakazisomba. Baada ya wiki 2 hadi 4 miche hutokeza. Ikipata nguvu, ihamishiwe penye jua au kivuli chepesi, kwa nafasi ya sentimeta 30. Adui zake ni maji yaliyotuama, ambayo huozesha mizizi, na konokono. Kwa maji, changanya changarawe katika udongo. Konokono waokotwe jioni, kazi ambayo watoto wangu waliipenda kuliko kuosha vyombo. Maua yaliyonyauka yakatwe ili mengine yachanue.

Sasa nimjibu jirani. Kampanula huishi miaka mingi. Fungu lake likishapanuka, laweza kung'olewa na kugawanywa kwa kisu, mradi kila kipande kiwe na mizizi. Barua yangu ya uhamisho ilikuja mwaka wa tatu. Nusu niliirudisha ardhini kwa ajili ya mtumishi ajaye, nisiyemjua. Nusu ilisafiri nasi ndani ya kopo hadi Fort Portal. Wanangu, ambao wamekwisha kubadili shule mara tatu, hawakuuliza kwanza habari za vitanda wala za shule mpya. Waliuliza kopo litawekwa wapi.

Ndugu zangu, mtoto wa askari aghalabu hakui chini ya mwembe uliopandwa na babu yake. Lakini aweza kulikuta ua lilelile mlangoni kila ahamiapo. Nawapandia hao, na yule atakayelala katika nyumba tuliyoiacha.