Meli Iliondoka, Mimi Nikabaki na Sufuria

Hakuna safari tamu kama ile ya kidole juu ya ramani. Kidole kinatoka Dar, kinapita Tabora, kinakata Ziwa Tanganyika, kinaibukia Zambia, kinarudi nyumbani kwa TAZARA, na wala hakichoki! Agosti 2013 mimi na mshikaji wangu tulitia mashanta mgongoni tukakifuata kidole hicho. Treni hadi Kigoma, kilometa zaidi ya 1,200. Halafu meli ya Liemba hadi Mpulungu, maporomoko ya Kalambo, basi hadi Kasama, treni tena. Wiki mbili na ushei, likizo imekwisha.

Mwili, bwana, haukuulizwa. Tulipoipita Tabora nikaanza kutetemeka, jua la mchana kweupe, nimejifunika koti pamoja na khanga ya mama tuliyekaa naye. Kigoma tuliteremka Jumanne, na Liemba ing'oe nanga Jumatano alasiri. Zahanati wakanitoboa kidole: malaria. Nikapewa dawa mseto, vidonge 24. Vinne pale pale, vinne masaa 8 baadaye, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili.

"Si vidonge tu?" mshikaji akasema. "Utamezea melini."

Msomaji wangu, usimcheke. Siku zile Liemba ilikwenda Mpulungu mara moja kila wiki mbili, ukiikosa umeikosa kweli. Tena siyo meli hivi hivi: Wajerumani waliileta vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na bado ilikuwa inabeba watu! Roho iliniuma ile mbaya.

Ila nilimwuliza baharia mmoja huko njiani inasimamaje. Akacheka. Vituo vingi havina gati, meli inasimama mbali na ufuko, mitumbwi inaifuata, watu wanarukia humo na magunia yao hata usiku wa manane. Sasa homa ikipanda kichwani huko, nishushwe mtumbwini niende wapi? Kigoma kulikuwa na hospitali na kitanda cha gesti. Mama mwenye gesti naye alishanitazama macho tu akasema, "Mwanangu, meli itarudi. We lala."

Basi tukagawana vitu. Yeye akachukua hema na jiko, mimi nikabaki na sufuria, sijui ya kupikia wapi. Alinuna kidogo. Nilimsindikiza hadi mlangoni, zaidi ya hapo magoti yaligoma.

Jioni ile ile nilichukua kalamu. Wengi wakiugua njiani wanasogeza ratiba yote mbele, matokeo yake wanakuja kuikimbiza nusu ya pili na mwili ambao haujapona. Mimi nilikata mkia: Zambia yote nje. Pesa ya Zambia ikahamia kwenye gesti na chakula.

Na chakula, we acha tu! Zahanati walisema dawa ile ifuatane na kitu chenye mafuta ndipo ifanye kazi vizuri mwilini. Kwa Kigoma hilo siyo tatizo, mawese ndiko kwao. Mama aliniletea ugali na migebuka iliyoogelea kwenye mawese, anasimama mlangoni mpaka nimalize. Siku ya nne homa ilikuwa imekwisha, lakini kupanda kilima cha kwenda sokoni nilipumzika mara tatu. Nikaongeza siku mbili za kukaa kibarazani nikiangalia milima ya Kongo ng'ambo.

Ndipo nikapanda daladala kwenda Ujiji, mikono mitupu, shanta nimeliacha. Pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wote wawili homa zilikuwa zimeshawapangulia safari zao, na wao hawakuwa na mseto.

Kurudi Dar nilichagua treni, daraja la pili, kwa sababu moja: kitanda. Basi ungekaa wima siku nzima na zaidi.

Mshikaji alinipigia kutoka Kasama. Kalambo ameiona, anasema maji yanaanguka zaidi ya mita 200 na picha haziwezi kuonyesha. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama ile sufuria ninayo, maana tangu Mpulungu anachemshia chai kwenye kopo la maziwa.