Asante Daktari, Lakini Bado

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minane, homa inaingia siku ya tatu. Nikampeleka kwa daktari wa mtaani kwetu hapa Leicester, Uingereza. Akampima joto, akamsikiliza kifua, akasema ni virusi tu, nimpe maji na parasetamoli. Moyo wangu ulikataa. Mdomo wangu, uliolelewa Tanga, ukasema: "Asante sana daktari." Nikamfunga koti mtoto, tukarudi nyumbani.

Usiku mama akapiga simu ya video. "Mfunue kifua nimwone." Akatazama kimya, kisha: "Mbavu zinaingia ndani. Hesabu anavyohema, dakika nzima."

Hilo mama hakulisoma mtandaoni. Kwetu manesi wa zahanati hufundishwa kuhesabu pumzi: mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili akihema mara 50 au zaidi kwa dakika, anahema haraka mno. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, hizo ni dalili za hatari. Mama alizisikia kliniki alipokuwa akitupeleka sisi na wajukuu, zikamkaa.

Nikapiga 111, namba ya ushauri wa afya huku. Safari hii sikusema "nina wasiwasi." Nilisema: "Anahema mara 58, mbavu zinaingia ndani, nepi imelowa mara moja tu tangu asubuhi." Wakatuma gari la wagonjwa. Ilikuwa bronkiolaitisi, maambukizi ya vijia vya hewa mapafuni; tulilala hospitali siku tatu, mtoto akiwa kwenye oksijeni.

Nimeliwaza sana jambo hili. Nyumbani Tanga heshima yangu isingemponza mtoto, kwa sababu nisingekwenda zahanati peke yangu. Mimi ningeinama, bibi yake angeinuka kwenye benchi na kusema: "Nesi, huyu mtoto si wa kurudi nyumbani." Angefokewa, lakini angesikilizwa. Huku sina wa kuninenea, na mzazi anayeshukuru na kuondoka huhesabiwa ameridhika.

Nisiisifie Tanga kupita kiasi. Asiye na bibi mkali, au asiyejuana na mtu pale hospitali, hungoja foleni na wasiwasi wake. Huku nako wanaojua kusema hupuuzwa. Martha Mills, msichana wa miaka 13, aliumia kongosho alipoanguka na baiskeli, akapata maambukizi yaliyosambaa mwilini, akafariki London mwaka 2021. Wazazi wake walikuwa wameeleza hofu yao. Mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alisema kuna uwezekano mkubwa angepona kama angehamishiwa mapema kwa wagonjwa mahututi. Mama yake alipigania mabadiliko, na tangu 2024 hospitali za Uingereza zimeanza kutumia Kanuni ya Martha: ukiwa wodini, ukiona mgonjwa wako anazidiwa na husikilizwi, unaomba timu nyingine ije imwangalie, mchana au usiku.

Nilipomsimulia mama, akauliza: "Kwa hiyo wamemwandikia bibi sheria?" Kiasi fulani, ndiyo. Ila sheria hiyo haisemi yenyewe. Lazima mzazi afungue mdomo.

Siku hizi asante naiweka mwisho. Nikikaa tu kitini naanza: "Daktari, jana alinyonya mara nane. Leo mara mbili."