Matembezi ya Vuli Kiwalani

Habari za safari huandikwa mara nyingi na watu waliokwenda mbali, wakavuka bahari au wakapanda milima. Safari yangu ni fupi: yaanzia mlangoni pangu, yafika mwisho wa mtaa na kurudi. Hata hivyo nilijifunza humo jambo nililokuwa nikilikanyaga kwa miaka mingi, na aliyenifundisha ni mwanangu mwenye umri wa miaka 9.

Kiwalani ni kata ya Dar es Salaam, katika Wilaya ya Ilala, jirani na Vingunguti na Kipawa, wala si mbali na kiwanja cha ndege. Nyumba zetu zimesongamana bati kwa bati, na vichochoro vingine havipitishi hata mkokoteni. Mgeni apitaye hudhani hapa hapana cha kutazama. Lakini jirani zetu wakaa mahali paitwapo Minazi Mirefu, na jina hilo latosha kutukumbusha kwamba miti ilitutangulia. Wala haijaisha yote: mwembe hapa, mwarobaini pale, na mbele ya nyumba yetu mkungu mmoja mkubwa.

Siku moja, mwisho wa mwezi wa Septemba, mtoto alirudi na kitabu chenye picha ya msitu wa Ulaya, majani yake mekundu na ya manjano, na chini ya picha pameandikwa “vuli”. Akaniuliza, “Baba, mwalimu asema vuli ni mvua za Oktoba mpaka Desemba. Kitabu chasema vuli ni majani kuanguka. Lipi la kweli?”

Nikamjibu kwamba yote mawili ni kweli, kila moja kwao. Ulaya wana majira tusiyo nayo sisi, nasi tukitaka kuyataja huazima jina la mvua zetu, kwa sababu miezi yenyewe yakaribiana. Kule, siku zinapofupika na baridi inapokaribia, mti huvuta chakula kilichomo majanini na kukiweka akiba katika shina na mizizi. Rangi ya kijani huvunjika, na manjano iliyokuwa imefichwa chini yake huonekana. Kisha majani huanguka, na mti hungoja mpaka baridi ipite.

“Basi sisi hatuna,” akasema kwa huzuni.

Nikamshika mkono, tukatoka nje. Chini ya mkungu palikuwa pametandazwa majani mapana, mengine ya manjano, mengine mekundu kama pilipili iliyoiva. Nikamweleza kwamba mkungu nao hupukutisha majani yake, hasa wakati wa ukame. Adui yake si baridi, bali kiu. Maana maji ya mti hupotea hewani kwa njia ya majani, na mti usio na majani hutunza maji yake. Nikamwambia, “Tazama, tunayo majani ya picha yako mlangoni petu, nasi twayakanyaga kila siku.”

“Na kuyafagia mferejini,” akanijibu.

Neno hilo lilinichoma, maana ni mimi niliyemwamuru. Kila asubuhi alishika ufagio wa chelewa, akakusanya majani pamoja na maganda na karatasi, akayamwaga yote mferejini, nami nikamsifu kwamba uwanja ni safi. Mwaka uliotangulia mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku. Maji yalikosa njia, yakarudi, yakaingia katika chumba walimolala watoto. Tuliwabeba mikononi gizani, na mdogo wao akakohoa kwa muda wa juma zima. Siku ile nililaumu mvua, nikawalaumu jirani, lakini ufagio wangu sikuulaumu.

Wenyeji wa mji huu hawajasahau Desemba ya 2011, vuli ilipoleta mafuriko makubwa, watu wapatao 40 wakafa, na wengi waliokaa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ile ilikuwa kubwa kupita kiasi, wala haifai kusema kwamba ni majani yaliyoileta. Lakini mfereji uliozibwa huifanya hata mvua ndogo kuwa adui. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hilo ni jema. Chupa na takataka nyingine ni juu yetu wenyewe.

Basi Jumamosi ile tulichimba shimo la kina cha dhiraa moja, mbali kidogo na shina la mkungu ili tusikate mizizi. Tukatia majani, maganda ya ndizi na mabaki ya mchicha, tukafunika kwa udongo na kunyunyiza maji. Plastiki tuliitenga katika gunia. Kisha tukaanza kuzibua mfereji, na jirani wawili walipotuona wakaleta majembe yao, tukafika mpaka mwisho wa mtaa.

Mvua ilikuja usiku, kama mwaka uliotangulia. Tuliamka sote tukasikiliza. Maji yalipita nje, yakaenda zake.

Asubuhi watoto walikuta furaha tele. Kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini kwa mamia, na mbawa zao zimeenea kila mahali. Juu ya mabati waliruka mbayuwayu, wageni wa kila mwaka, ambao huikimbia baridi ya Ulaya na kuvuka bahari na jangwa, ingawa uzito wa mmoja ni gramu 20 hivi tu. Nikamwonyesha mwanangu, nikasema, “Hawa wameikimbia vuli ya kitabu chako, wakaja kula katika vuli yetu.” Penye shimo letu palikuwa na jongoo. Alitaka kumponda, nami nikamzuia, maana jongoo hula majani yaliyokufa na kusaidia kuyafanya udongo. Hata sasa huenda kumwamkia.

Walimu na wazazi, yafaa tuwatoe watoto nje katika miezi hii. Haihitaji nauli. Kila mtoto na achague mti mmoja karibu na kwao, autazame mara moja kila juma kuanzia Septemba hata Desemba, na kuchora alichokiona: jani lililogeuka rangi, chipukizi, ndege, mdudu. Aokote kungu zilizoanguka wala asivunje matawi. Na manati ayaache nyumbani, kwa sababu ndege aliyetoka Ulaya hakusafiri hivyo ili afie Kiwalani. Tena tuwafundishe kwamba kufagia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua taka zaenda wapi.

Udongo wa shimo letu tuliutia katika ndoo kuukuu iliyotoboka, tukapanda mchicha, nao tumekwisha kuula. Na katika daftari la mwanangu limo jani moja la mkungu, limekauka lakini wekundu wake haujaisha. Chini yake ameandika kwa mkono wake: “Vuli ya kwetu.”