Sura Juu ya Kitambaa Cheupe

Timboroa, mahali nilipozaliwa na kukulia, ni nchi ya baridi na ukungu, ambako kituo cha reli kimejengwa kwa kimo cha futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha njia yenyewe, kisicho mbali na hapo, hufika futi 9,136. Na marehemu baba, aliyekuwa nyapara wa gengi ya reli, alizoea kuzitaja hesabu hizo mbili mbele ya wageni kwa fahari ya mtu anayetaja nasaba yake. Hapo ndipo nilipoiona sinema kwa mara ya kwanza. Mara moja au mbili kwa mwaka gari la sinema lilipanda kutoka Nakuru likaegesha katika uwanja wa kiwanda cha mbao, kitambaa cheupe kikatundikwa baina ya nguzo mbili, nasi tukaketi juu ya magogo, tumejifunika mablanketi hadi masikioni, harufu ya unga wa mbao mbichi ikitujaa puani. Upepo ulipovuma kitambaa kilijaa kama tanga, na farasi waliokuwa wakipiga mbio juu yake wakavimba matumbo.

Waigizaji wale hatukuwajua hata mmoja kwa jina. Walikuwa kwetu Mzungu wa bastola, na adui yake, na bibi anayelia. Aliyekuwa mashuhuri kote duniani na aliyekodiwa siku ile kushika hatamu ya farasi walikuwa sawasawa machoni petu.

Kasoro hiyo ya kutowajua niliitambua Eldoret, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, kaka yangu aliponichukua kwa garimoshi kwenda kutazama *Around the World in 80 Days*. Filamu hiyo ya 1956, iliyotayarishwa na Mike Todd, ilisheheni watu mashuhuri zaidi ya arobaini waliopewa vijisehemu vya dakika moja au mbili, na aghalabu husemwa kwamba ndiyo iliyoieneza desturi ya kumtokeza mtu maarufu kwa ghafula mahali asipotazamiwa. Katika ukumbi mmoja wa ulevi anaonekana mpiga kinanda, ametupa kisogo, vidole vyake vikienda mbio. Na punde si punde anageuza uso. Viti vya mbele, walikoketi Wazungu na baadhi ya Wahindi wa madukani, vilipigwa na mshindo wa furaha na makofi. Nikamwuliza kaka, "Kuna nini?" Akanijibu kwa kunong'ona kwamba hajui. Yule alikuwa Frank Sinatra. Kadhalika mkaguzi mmoja wa garimoshi, mwenye uso usiocheka, alipita mbele ya macho yetu sisi watoto wa reli, tukaitazama injini yake kwa makini na yeye tusimtie maanani, kumbe ndiye Buster Keaton, mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa sinema isiyo na sauti. Nilirudi Timboroa usiku ule nikiwa na huzuni nisiyoweza kuieleza, kama mtu aliyehudhuria karamu akakuta wenzake wanasalimiana kwa lugha asiyoijua.

Miaka ikapita. Filamu ya Sharad Patel juu ya utawala wa Idi Amin, iliyotoka 1981, ilipoonyeshwa, ukumbi ulijaa hata watu wakasimama ukutani. Mkenya Joseph Olita alimwigiza Amin kwa namna iliyotutia hofu, lakini lililonikaa moyoni ni jambo jingine. Kando yangu aliketi mwalimu mmoja, mkimbizi kutoka Uganda. Alipotokea Mzungu mmoja mzee akikamatwa na askari, mwalimu yule alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia, akasema, "Huyo haigizi! Huyo ni Hills mwenyewe, nilikuwa nikimwona Kampala!" Naye alisema kweli. Denis Hills, aliyekuwa mwalimu Kampala, alihukumiwa kifo mwaka 1975 kwa kumwita Amin dhalimu wa kijiji katika mswada wa kitabu chake, na hakuachiliwa mpaka Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, James Callaghan, alipofunga safari kumfuata. Na sasa, baada ya miaka michache tu, amekuja mbele ya kamera kuyarudia mateso yake kwa jina lake na mwili wake. Safari hii sikuhitaji kuuliza kuna nini. Mwalimu alikuwa akilia, na ukumbi uliokuwa ukicheka ukanyamaza.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mshangao wa sinema haumo katika filamu, bali umo katika kumbukumbu aliyokuja nayo mtazamaji. Olita alipotokea tena, kwa kitambo kidogo, akiwa Amin yule yule katika *Mississippi Masala* ya Mira Nair, mimi ndiye niliyepiga kelele. Na ilipoletwa *The First Grader*, kisa cha Mzee Kimani Maruge aliyeingia shule ya msingi ya Kapkenduiywo, hapa hapa Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84, sauti ya mtangazaji wa redio ilipotoka kinywani mwa mchekeshaji Churchill Ndambuki, vijana waliitika kwa shangwe kabla hajamaliza sentensi.

Sasa simu huwaambia watu yote mapema. Hata hivyo mjukuu wangu, mwaka jana, aliniletea jikoni jambo ambalo simu hiyo hiyo ilikuwa imelificha: *Sanders of the River*, filamu ya Zoltan Korda ya 1935, iliyomtukuza bwana shauri wa kikoloni hata Paul Robeson, aliyekuwa nyota wake, akaja kuikana. Miongoni mwa Waafrika waliokusanywa Uingereza kuijaza filamu hiyo alikuwamo mwanafunzi mmoja wa Kikuyu mwenye dhiki ya fedha, akaigiza chifu mdogo. Mimi simlaumu, njaa ya London si kitu cha kumhukumia mtu. Nilikwenda kwenye mkebe wangu wa misumari, nikatoa shilingi ya 1966 niliyoiweka tangu ujana, nikaifuta kwa kanzu, nikaishika kando ya kioo cha simu. Mjukuu akaisimamisha picha. Macho yalikuwa yale yale.

"Babu, ni Mzee Kenyatta?"

Nikamwambia ndiye. Akakaa kimya akiitazama sarafu na kioo kwa zamu, kisha akaweka kidole juu ya safu ya wanaume waliosimama nyuma na mikuki yao.

"Na hawa wengine ni akina nani?"

Nilimwambia airudishe nyuma, nikasogeza kigoda karibu na moto, tukaanza kuwatazama mmoja mmoja.