Silabusi ya Mwaka 1887

Nilimpa sifuri mwanafunzi aliyejibu sawasawa. Swali nililitunga mimi, jibu lake lilikuwa sheria ya nchi, na kosa lilikuwa ndani ya karatasi nilizokuwa nikiwauzia wanafunzi. Jambo hili nimelificha kwa miaka mingi. Wachache walioniona nikiligusia walidhani ninapiga porojo za mawakili, na niliwaacha wadhani hivyo.

Nilikuwa avoka hapa Lubumbashi, na pembeni nikawa mwalimu mgeni katika fakilte ya sheria ya universite moja ya binafsi upande wa barabara ya Kasenga. Mwalimu mgeni kwetu ni mtu wa mbio. Somo la muhula mzima linakunjwa hadi siku chache. Anafundisha asubuhi mpaka koo linakauka, anamwachia kiongozi wa darasa rundo la silabusi aziuze, anatunga mtihani, anasahihisha, huyo anakwenda kwingine. Wanafunzi walituita Prof sote, hata sisi ambao udaktari tuliusikia kwa jirani. Sikuwahi kumkosoa aliyeniita hivyo.

Serikali ya Mobutu ilikuwa imeviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja cha taifa, UNAZA, mwaka 1971. Mlango wa universite za binafsi ulifunguliwa 1989, nazo zikachipuka kila mji, na karibu kila moja ikataka fakilte ya sheria. Sababu naijua: sheria haidai maabara wala hospitali. Inadai ubao, viti, na watu kama mimi. Yangu ilikuwa na programu zilezile za vyuo vya serikali: sheria ya binafsi na mahakama, sheria ya umma, sheria ya uchumi na jamii. Ukizisoma ukutani unaridhika. Lakini mwanafunzi hasomi ukuta. Anasoma silabusi ya mtu fulani, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilifundisha sheria ya makampuni. Silabusi niliirithi kutoka kwa aliyenitangulia, nikabadilisha jalada na jina. Nguzo yake ilikuwa dekreti ya tarehe 27 Februari 1887, ya enzi za mfalme Leopold II wa Ubelgiji, iliyotawala makampuni ya Kongo kwa zaidi ya karne pamoja na marekebisho yake. Sheria inayokaa muda mrefu namna hiyo humlemaza mwalimu. Unafika kuamini kwamba haitaondoka kabla yako.

Iliondoka. Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, ambao mkataba wake ulitiwa saini Port-Louis mwaka 1993. Kwetu sheria hizo zilianza kufanya kazi tarehe 12 Septemba 2012, na hazikungoja bunge lizipigie kura moja moja: zinaingia zenyewe na kuzing'oa sheria za nchi zinazopingana nazo. Kwa sheria ya zamani, kampuni ni mapatano, na mapatano yanataka watu wawili au zaidi. Kwa sheria mpya, mtu mmoja anaweza kuunda SARL, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, peke yake, akawa mwanachama pekee na meneja juu yake.

Je, nilikuwa sijui? Hapa ndipo penye aibu. Nilijua. Katika baraza la mawakili hapakuwa na mazungumzo mengine. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba paa lake linavuja wakati wa kiangazi. Nilijipa kisingizio, tena cha kisheria: makampuni yalipewa miaka miwili, hadi tarehe 12 Septemba 2014, kurekebisha katiba zao. Basi nikasema moyoni, sheria ya zamani bado inapumua, nitauza silabusi zilizobaki kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angenigundua. Muda ule yalipewa makampuni yaliyokuwapo tayari. Kampuni mpya, kuanzia siku ile ya Septemba, ilizaliwa chini ya OHADA tu.

Mtihani wangu ulikuwa na mama mjane. Ananunua samaki kule Kasenga, kwenye mto Luapula, anawaleta kuwauza Lubumbashi, na sasa anataka kuunda kampuni bila mshiriki. Anaweza? Nilijivunia swali hilo kwa kuwa lilikuwa la kwetu. Samaki wa Kasenga waliulisha mji huu tangu ulipoitwa Elisabethville, siku ambazo Wagiriki ndio walioishika biashara hiyo.

Darasa zima, au karibu zima, lilijibu: hawezi, atafute mwenzake. Binti mmoja akajibu: anaweza, aunde SARL ya mtu mmoja. Akataja na Sheria Sare ya OHADA kuhusu makampuni. Nilichora sifuri kwa wino mwekundu.

Baada ya matokeo kutangazwa alinifuata barazani, amebeba fotokopi.

"Samahani Prof. Nimeona iko hivi kwenye sheria yenyewe."

"Mama, mimi nilifundisha nini?"

"Watu wawili, Prof."

"Basi kwenye mtihani wangu ni watu wawili."

Hakubishana. Kwetu mtoto aliyelelewa habishani na Prof, nami nililitegemea hilo. Sikuishika hata ile fotokopi, maana ningeishika ningelazimika kuisoma. Kikao cha pili cha mitihani alirudi, nikaleta swali lilelile kwa makusudi, akaandika watu wawili. Nilimpa kumi na sita juu ya ishirini. Sifuri ya kwanza ningeweza kuisingizia uvivu. Ile kumi na sita haina cha kuisingizia: nilimlipa mwanafunzi wa sheria kwa kuandika uongo alioujua kuwa ni uongo.

Sikuamshwa na dhamiri, niliamshwa na mteja. Alikuja kutaka kampuni, nikamwambia atafute mshiriki, hata nduguye wa jina tu. Akaondoka. Nilipokutana naye tena alikuwa na kampuni iliyoandikishwa kwa jina lake peke yake, kazi ya avoka kijana kuliko mimi. Hakunitukana. Alinionyesha karatasi na kunisalimia kwa adabu, nami niliumia kwa ajili ya ada niliyoikosa kabla ya kuumia kwa ajili ya yule binti. Ndivyo ilivyokuwa.

Hapo nilikuwa na njia moja ya heshima: kwenda kwa mkuu wa fakilte, kuomba alama za mwaka ule zifunguliwe, na kuwaita wanafunzi niwaambie. Sikwenda. Mwaka uliofuata nilichapa silabusi mpya kimyakimya, OHADA tele ndani yake, na darasa lililotangulia likabaki na ile ya Leopold.

Mjini watu hupenda kusema makosa kama haya ni ya universite za binafsi, kwa kuwa zinafuata pesa. Maneno hayo yalinifaa sana. Nilijificha nyuma yake. Lakini mwenye universite hakuniambia nifundishe sheria iliyokufa. Kosa lake, kama analo, ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kufungua silabusi ya mgeni kabla haijauzwa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) umepanuliwa nchi nzima, ile miaka mitatu ya graduat na miwili ya lisansi ikawa lisansi ya mitatu na masta ya miwili. Majina ya ngazi yamebadilika. Wageni wenye mikoba wangali wanaingia na kutoka.

Wazazi wanaoniuliza kuhusu fakilte za sheria huulizia kibali cha serikali na kiasi cha ada. Waulize, ni haki yao. Ila namwomba na mwanafunzi mwenyewe afungue silabusi ukurasa wa kwanza, atazame sheria zinazotajwa ni za mwaka gani, kisha aitafute sheria yenyewe. Maandishi ya OHADA yanapatikana bure kwenye intaneti. Ndiko yule binti alikoyatoa.

Na wewe uliyesoma kwangu miaka ile: sura ya uundaji wa kampuni katika silabusi yangu ya zamani isikuongoze mbele ya mteja wala hakimu. Mkuu wa fakilte nimeshamwandikia, nikitaja mwaka, mtihani na swali, kwamba jibu la kwanza la mwanafunzi yule lilikuwa sahihi na sifuri ile ilikuwa yangu.