Joshi na Demani Ukingoni mwa Mto Tana



Mwezi wa Agosti 2024 tulifunga safari ya Lamu kwenda Garissa, watu wanne: mama yetu mzazi, sisi mabinti zake wawili, na mtoto mchanga asiyelipiwa nauli. Mtu wa pwani aendapo bara hapungui mzigo. Tulichukua ng'onda, tukachukua halua, leso za zawadi, na ndani ya kikapu, chini ya vyote, pima tatu za kamba kuukuu iliyokwisha kunywa chumvi. Kamba ile ndiyo iliyotutoa nyumbani.

Dada yetu mkubwa ameolewa Garissa yapata miaka kumi na mitano. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka kumi na mitatu, alikuja Lamu likizo ya Agosti mwaka uliotangulia, na babu yake akampakia katika mashua. Walipokuwa katika mkondo baina ya Lamu na Manda, upepo wa kusi ulivuma ghafla. Babu akapiga ukelele, "Fungua demani!" Kamba ya demani ilikuwa mikononi mwa kijana, naye hakujua kama yeye ndiye anayeambiwa. Alidhani mtu akipewa kamba chomboni wajibu wake ni kuishikilia, basi akaikaza kwa nguvu zake zote. Mashua ililala ubavu, maji yakaingia. Baharia mmoja aliruka akamnyang'anya. Alhamdulillahi, hakuna aliyepotea ila mfuko wa unga ulioloa.

Babu hakusema neno mpaka walipotia nanga. Ndipo aliposema, "Msiniletee tena chomboni mtu asiyejua jina la kamba aliyoishika." Maneno yale yalifika Garissa kabla ya kijana mwenyewe. Dada yetu aliyasikia kana kwamba baba amemwambia kuwa watoto wake si wa nyumba ile. Kijana naye akapata la kusema kila alipoalikwa: "Mimi ni mtu wa bara." Mwaka ukapita hakuja. Mama alisubiri lipoe, lisipoe. Mwisho akasema kwamba ikiwa mtoto hafiki baharini, maneno ya bahari yatamfuata aliko.

Kutoka Mokowe gari hupita Witu hadi Minjila, kisha hugeuka kaskazini kuelekea Hola, Bura na Madogo. Kutoka Minjila safari ni kama kuupanda Mto Tana bila ya kuuona, kwani mto uko upande wa kulia, nyuma ya vichaka, na hujulikana kwa ule mstari wa miti mibichi katika nchi iliyokauka. Huo ndio mto mrefu kuliko yote nchini, wa kilomita kama 1,000, utokao Mlima Kenya na safu ya Nyandarua ukamwagika baharini Kipini. Sisi tuliozaliwa karibu na mdomo wake tulikuwa hatujawahi kuuona kiunoni. Tulipofika Madogo na kuvuka daraja tuliuona chini yetu, mwekundu wa udongo, unakwenda polepole kama mtu aliyebeba mzigo. Mama alisema, "Maji haya yatafika kwetu kabla yetu."

Garissa ni mji wa watu wakarimu, na wa vumbi. Siku mbili tulikula nyama ya mbuzi na kunywa chai ya maziwa ya ngamia, na la kamba halikutajwa. Siku ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, tulikwenda shambani kwa shemeji, ukingoni mwa mto, penye miembe na migomba. Mama akaushika ufito, akachora mchangani chombo kizima, kikubwa cha kuingia watu sita, akamwita mjukuu wake: "Ingia." Kijana akaingia kwa adabu tu, uso ameukunja.

Alianza na mwili wa chombo. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Uti wa chini unaokwenda toka omo hadi tezi ni mkuku, na mbavu zilizopigiliwa juu yake ni mataruma. Pale chini kabisa, maji yavujayo yanapokusanyika, ni ngamani. Nyuma kuna usukani, na mti wa kuushikia ni kana. Kijana akasema usukani ni wa gari. Mama akamwambia gari limezaliwa juzi. Neno hilo lilikuwa majini zamani, nchi kavu imeliazima.

Kisha tukasimamisha mlingoti, mti wa kuegemezea migomba. Juu yake tukatundika ufito mrefu kwa mshazari, ncha moja imeinamia omo na nyingine imeelekea juu, nyuma. Ufito huo ndio foromali. Leso moja kuukuu tuliikunja pembe kwa pembe ikawa tanga, tukaifunga juu ya foromali. Kamba ya kupandishia foromali ni henza. Kupandisha tanga ni kutweka, kulishusha ni kutua. Ile pembe ya chini ya mbele, iliyofungwa karibu na omo, ni goshi. Na pembe ya nyuma ndipo tulipofunga ile kamba ya kikapuni, mama akamtia kijana mkononi: "Hii ndiyo demani. Ndiyo hii hii, si mfano wake. Babu yako ameitoa chomboni."

Kijana aliitazama kamba ile muda mrefu. Hatukuwa tumemwambia.

Baada ya hapo likaja lile linalowashinda wageni wengi. Baharini mtu haambiwi njoo kulia au nenda kushoto. Huambiwa upande wa joshi, yaani upande upepo unakotoka, na upande wa demani, yaani upande upepo unakokwenda. Chombo kikigeuka, pande nazo hubadilishana majina, na uliyekaa joshini ukajikuta umo demanini bila ya kuondoka mahali pako. Kijana akauliza, na swali lake lilikuwa la haki, "Sasa nitajuaje?" Mama akajibu, "Uliza shavu lako." Kusi la Agosti lilikuwa linavuma kutoka ng'ambo ya mto. Kijana alifumba macho, akageuza uso huku na huku, akanyoosha mkono: "Joshi kule." Tukamzungusha mara tatu macho yamefumbwa, naye hakukosea hata mara moja. Mtoto wa Garissa anaujua upepo kuliko mtoto wa mji wa mawe. Sisi kwetu kuta zinauzuia.

Tulipokuwa tunamweleza kwamba chombo hakiwezi kuelekea upepo uso kwa uso, bali hukaribia tu, kikaenda upande huu kisha upande ule mpaka kifike, na kwamba kazi hiyo ni kubisha, akatukatiza. Shuleni alikuwa amehifadhi methali: dau la mnyonge haliendi joshi. Aliiandika katika insha, akapata alama nzuri, hali akidhani Joshi ni jina la mji. Hatukumcheka, maana wengi wetu tumeitumia methali ile tukijua maana ya ndani bila ya kujua ya nje. Kwenda joshi ni kukaza tanga na kuukaribia upepo, na hilo lataka tanga zima lisilotoboka, mkuku wa kushika maji, na watu wa kukaa upande wa joshi ili chombo kisilale. Dau la mnyonge lina tanga la viraka na mtu mmoja ndani. Haliendi joshi kwa sababu haliwezi. Litasukumwa upande mpaka lifike lisikotaka. Na likienda, ni Mungu kupenda, kama methali yenyewe inavyomalizia.

Wakati huo vumbi lilinyanyuka ng'ambo, tukaliona likija juu ya maji. Upepo ukaijaza leso ikavimba, mlingoti ukapinda, na kijana, kamba mkononi, akafanya kama alivyofanya Lamu: akakaza. Mama akapiga ukelele kwa sauti ambayo hatukujua kuwa anayo, "Fungua demani!" Akaiachia. Leso ikapepea ovyo, upepo ukapita, mti ukarudi wima. Leso ilikuwa imechanika kipindo. Kijana alisimama katikati ya chombo chake cha mchanga, akasema taratibu, "Kumbe ningeiachia tu."

Mama akamwambia, "Ndiyo. Tanga likiwa huru halina nguvu ya kukupindua."

Muda wote huo mama yake shemeji, ambaye watoto wote wa nyumba ile humwita ayeeyo, yaani bibi kwa Kisomali, alikuwa ameketi kitini pake chini ya mwembe na tasbihi mkononi. Tulidhani hatushughulikii. Alikuwa anahesabu maneno. Akatuambia kwamba baadhi yake anayo: kwao tanga ni shiraac, nahodha ni naakhuude, na usukani ni shukaan. Upepo huu mnaouita kusi, akasema, ndio unaoleta majira yetu ya hagaa. Kisha akatuhadithia jambo ambalo dada yetu hakuwahi kutuandikia.

Novemba 2023, mvua zilipozidi na mto ukafurika, barabara baina ya Madogo na Garissa ilifunikwa na maji, na watu wakawa wanavushwa kwa boti. Ayeeyo alikuwa ametoka kumzuru mgonjwa, akapanda pamoja na wanawake wengi na watoto. Hawakuwa watu wa vyombo. Wimbi dogo liliporusha maji ndani, wote walisimama, wote wakakimbilia upande mmoja. Kijana wa boti akapiga kelele, lakini hakuna aliyejua anataka nini. Mkono wa ayeeyo ulishika maji ya mto akiwa ameketi. Walifika kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Miezi mitano baadaye, mwisho wa Aprili 2024, boti nyingine ilipinduka katika mafuriko pale Kona Punda, ng'ambo hiyo hiyo ya Madogo. Msalaba Mwekundu ukatangaza kuwa watu 23 wameokolewa, na wengine hawakurudi. Ayeeyo alisema tangu siku ile hujiuliza lile neno alilokuwa akitafuta kijana wa boti lilikuwa gani. "Nifundisheni mimi," akasema. "Huyu atafundishwa na babu yake."

Mama alimshika mkono, akamwingiza chomboni. Akamwonyesha ngamani. Chombo kikiyumba, akasema, kikaanza kwenda mrama, mtu asisimame wala asifuate wenzake upande. Ashuke chini, aketi katikati, aketi ngamani hata nguo ziloe. Uzito ukiwa chini, chombo hurudi wima. Ukiwa juu, humsaidia mawimbi. Neno lenyewe ni "Ngamani!" na asiyelijua aambiwe "Chini! Katikati!" kwa lugha yoyote aijuayo. Tulijaza watoto wa jirani, kumi na mmoja, katika michoro ya mama. Ayeeyo akawa nahodha wao. Kila alipopiga ukelele waliketi, na wadogo waliketi hata kabla hajamaliza, kwa raha ya mchezo. Mchezo ule uliendelea mpaka tuliposikia adhana ya Maghrib.

Usiku tulimpigia babu simu. Alimtaka kijana, akamuuliza maswali mafupi. Upepo uko shavu lipi? Joshi wapi? Chombo kimelala, unafanya nini? Tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na majibu yalikuwa mafupi vilevile. Kisha simu ikarudishwa kwa dada yetu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akizungumza na baba yake kwa salamu na kuagana tu. Babu alimwambia kwamba Disemba ni kaskazi, bahari ni njema, na mtoto aje. Ila asishike demani. Aanze na upo, kile kibuyu cha kufulia maji ngamani, kama alivyoanza yeye mwenyewe na kama alivyoanza baba yake.

Dada yetu alilia, akacheka, akauliza amfungie nguo ngapi.

Kamba tulitaka kurudi nayo, kwani chombo kinaihitaji. Ayeeyo aliikataza. Ameitundika msumarini, nyuma ya mlango wa nje, pale inapofikiwa na mkono wa mtoto, na alipotusindikiza kituoni alituambia kwamba mvua za deyr haziko mbali.